Inshallah ya Kukaa

Vijana wangu, siku yenu ya kwanza katika idara ya mipango mtapewa kiti kinachoyumba, kompyuta, na swali ambalo mtu mwenye akili timamu hamuulizi mwenzake: miaka ishirini kutoka leo, watu wa Likoni watatumia stima kiasi gani? Anayeuliza hacheki. Atakaa akusubiri, na jibu atalitaka na tarakimu mbili baada ya nukta. Mimi nimelijibu swali hilo tangu nina kiuno mpaka nimestaafu na magoti yangu haya, na sikuwahi kulipatia hata mara moja. Lakini barafu ya shangazi yangu iliganda, na jinsi ilivyoganda ndiyo nataka kuwaeleza.

Jina langu Mwanamisi, kwetu Mtongwe, hukohuko Likoni. Kampuni niliyoitumikia siitaji, kwa sababu pensheni yangu bado iko mikononi mwao.

Nyumbani hakuna aliyeielewa kazi yangu. Fundi wa laini anaeleweka: anapanda nguzo, stima inarudi, mtaa mzima unamshangilia. Mimi nilipopata kazi nilikwenda mbio kumwambia shangazi Mejumaa, dada wa baba, ambaye ndiye aliyenilea.

"Shangazi, nimeajiriwa kuwa mpangaji!"

Akaniangalia kwa huruma. "Mpangaji wapi, mwanangu? Na kodi ni ya mwezi au ya mwaka?"

Nikamfafanulia kwamba sipangi nyumba, napanga mambo ya stima ya miaka ijayo. Akatoka akawatangazia majirani kuwa Mwanamisi anatazamia. Kuanzia hapo sikupumzika. Nililetewa pasi zilizoungua, nikaulizwa mbuzi aliyepotea yuko upande gani, na mama mmoja wa mtaa wa Shika Adabu alinijia na jina la mchumba wa bintiye nimwangalizie. Nilimwambia sijui. Alikwenda akisema serikali inasomesha watu bure.

Sasa huyu shangazi Mejumaa ndiye mlango wa habari yangu. Alikuwa akiuza barafu pale Mtongwe. Aliuza dhahabu zake za harusi akanunua mashine ya kugandisha, akaiweka kwenye chumba cha nyuma, na wachuuzi wa samaki na wauza juisi wakawa wateja wake. Tatizo lilikuwa stima. Umeme wa upande ule wote ulitoka mbali, na ukifika Mtongwe ulikuwa umechoka. Jioni watu wakiwasha taa na televisheni, mashine ya shangazi ilinguruma tu bila kugandisha kitu. Asubuhi akifungua anakuta uji. Mchuuzi hawezi kufunika samaki wake kwa uji. Mmoja alimwambia mbele yangu, "Bi Mejumaa, hii niuzie na kijiko."

Nilikuwa mgeni kazini wakati huo, na mdomo wangu ulikuwa umejaa mahamri yake. Nikamwambia, "Shangazi, usijali. Tutajenga kituo cha stima huku kwenu. Nawe uache nafasi ya mashine ya pili, utaihitaji." Nilisema kama mtu anavyosema akishiba. Yeye alilisikia neno zima, akaliweka. Nami kila nikiketi mezani kupiga hesabu za Likoni, niliona uso wake na ule uji wa barafu, na nikajua kwamba nikikosea, dhahabu ya shangazi yangu itayeyuka.

Mkubwa wangu alikuwa Injinia Mutua, mtu wa Machakos aliyekulia Chaani, mrefu, mpole, na mwenye ugonjwa wa kupenda ukweli. Enzi hizo tulichora makisio kwa penseli kwenye karatasi ya miraba. Ulichukua matumizi ya miaka iliyopita, ukaweka rula, ukauendeleza mstari hadi mwisho wa karatasi. Karatasi ikiisha, na siku za usoni zimeishia hapo. Baadaye zikaja kompyuta, na makao makuu wakafurahi sana. Mutua hakufurahi. Alisema kompyuta inachora vizuri sana, na uongo ukiiwekea itauchora vizuri vilevile.

Na rula ina ujinga wake. Inadhani kesho ni jana iliyonenepa. Kwa hiyo makao makuu wakaamua tuwaulize watu wenyewe watanunua nini. Wakatuletea kijana wa takwimu kutoka Nairobi, Kevin, msomi, mchangamfu, mwenye viatu vyeupe ambavyo vumbi la Likoni lilivimaliza siku hiyohiyo. Alikuwa na maswali yamepangwa vizuri. Je, utanunua friji? Je, utanunua jiko la umeme? Je, utanunua mashine ya kupoza hewa? Majibu yalikuwa visanduku vitatu: ndiyo, hapana, sijui. Alizunguka Mtongwe, Shika Adabu na kwingineko, akarudi ofisini anang'aa.

"Madam, wasee wamekubali wote!"

Makisio yalipotoka, Mutua aliniita. Alikuwa ameshika kichwa.

"Mwanamisi, hii Likoni yenu imekuwa Dubai lini?"

Nikatazama. Kila nyumba, pamoja na zile za makuti, ilikuwa inanunua friji, jiko na kipoza hewa. Mzee mmoja niliyemjua, ambaye hata redio yake huizima watoto wakisikiliza taarabu kwa kuhofia mita, alikuwa ameandikwa kuwa anaagiza vipoza hewa viwili. Kwa hesabu ile, Likoni peke yake ilihitaji mtambo mzima wa kufua umeme. Makao makuu walishauona mchoro, na tulisikia walicheka hadi wakapoteza hamu ya kutujengea hata kibanda. Mimi sikucheka. Kama Likoni imekuwa kichekesho, kituo hakiji, na uji wa shangazi utabaki uji.

Nikamuuliza Kevin, "Hawa watu walikujibu vipi hasa? Walisema ndiyo?"

"Hapana madam. Walisema inshallah. Nikauliza maana yake, nikaambiwa ni Mungu akipenda. Sasa Mungu atakataaje friji?"

Vijana, nilikaa chini. Nikawaita wote wawili, nikafunga mlango, nikawapa somo ambalo halifundishwi chuo chochote.

"Sikilizeni," nikasema. "Hapa pwani hatumwambii mgeni hapana. Ni utovu wa adabu. Mtu amekuja kwako juani, amekuamkia, anakuuliza kwa upole kama utanunua friji. Utamwambia hapana, awe amepoteza njia yake bure? Unamwambia inshallah, anaondoka na moyo safi."

"Kwa hiyo inshallah ni hapana," Mutua akasema, akitafuta kalamu.

"Si hapana!"

"Basi ni ndiyo."

"Pia si ndiyo. Inategemea amekaa au amesimama."

Mutua akaiweka kalamu chini.

Nikaeleza. Kuna inshallah ya kukaa. Mtu ameketi, ameegemea, macho yako kwenye kuku wanaopita, anasema inshallah, tena anairefusha mwishoni. Huyo hanunui. Ukimwalika harusini kwa inshallah hiyo, sahani yake usiipakue. Na kuna inshallah ya kusimama. Mtu anaisema kwa mkato, huku mguu ushaanza kutafuta ndala chini ya kiti. Huyo ameshakwenda. Anamtaja Mungu kwa heshima tu, lakini safari imeanza.

"Kwa hiyo ukitaka kujua, usisikilize mdomo," nikamaliza. "Tazama miguu."

Kevin alikuwa amefurahi kama amepewa zawadi. Mutua alikunja uso. "Kwetu kanisani ukisema Mungu akipenda, umeahidi," alisema. "Na mimi nitaandikaje miguu kwenye ripoti?"

Swali zuri, na jibu lake ndilo nililotumia maisha yangu yote ya kazi. Lishikeni. Msimuulize mtu atanunua nini. Muulizeni ameshafanya nini. Mtu anayetaka friji kwa dhati utamkuta ameshapima kona ya jikoni. Anayetaka kufungua saluni ameshamtafuta fundi na waya umepita ukutani, ingawa mashine ya kukaushia nywele bado iko dukani. Ndoto zipo kwa kila mtu, lakini waya hununuliwa na mwenye nia. Tukafuta lile swali la Kevin, tukaweka letu: waya umeshapita? Kevin alirudi mitaani, safari hii na ndala, akawa anachungulia kuta za watu hadi wakamshuku kuwa mwizi. Akaja na Likoni iliyopungua sana, lakini ya kweli.

Shangazi mwenyewe alihojiwa. Kevin alikuja kunisimulia kwamba bibi mmoja wa barafu amemfukuza kwa kumwambia, "Waya wangu umepita zamani, waya wenu ndio haujafika."

Nikadhani nimeshinda. Nilikuwa na somo langu la miguu, swali langu la waya, na kiburi kidogo. Lakini kazi hii, vijana, ina tabia ya kukusubiri ukae vizuri ndipo ikuvute kiti. Nilikisia mafriji, zikaja saluni. Nikakisia saluni, zikaja bodaboda za umeme ambazo vijana wanazichomeka kila penye tundu, hata msikitini wamejaribu. Kule Changamwe kiwanda tulichokitegemea kikafunga, na ndani ya jengo lake likaingia kanisa lenye spika kubwa kuliko mashine zilizotolewa. Matumizi ya stima hayakupungua hata kidogo. Halafu watu wakaanza kuweka sola juu ya mapaa, wakawa mchana hawatutaki kabisa, na jioni jua likizama wanatukumbuka wote kwa pamoja.

Na daraja. Nisisahau daraja. Kila ukikaribia uchaguzi, daraja la Likoni lilianza kujengwa midomoni mwa watu. Ukiliweka kwenye makisio, Likoni inafurika maghorofa na mahoteli. Ukiliondoa, watu wanaendelea kuvuka maji kwa feri yao. Mimi nimelijenga na kulibomoa daraja hilo kwenye karatasi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sijamwaga hata tone la simenti.

Ni Mutua aliyetutoa kwenye mkwamo huo. Siku moja alikuja na wazo. "Usiniletee jibu moja tena," akasema. "Niletee Likoni tatu." Wataalamu wana majina yao ya Kiingereza kwa mambo haya, ya juu, ya kati na ya chini, lakini kila tulipoyataja kwenye mkutano watu waliifuata ile ya kati wakasahau nyingine. Kwa hiyo tukazipa majina ya nyumbani. Ya kwanza ikaitwa Harusi: daraja limekuja, bandari imepanuka, kila mtu anapika pilau kwa stima. Ya pili ikaitwa Jumanne: mambo yanakwenda kama kawaida, hakuna aliyekufa, hakuna aliyeoa. Ya tatu ikaitwa Matanga: viwanda vimefunga, wenye uwezo wamehamia kwenye sola zao, tumebaki na wateja wa balbu moja. Hakuna aliyesahau tena. Nilimsikia mkurugenzi mzima akiuliza kwenye simu, "Na kwenye Matanga tutakula nini?"

Siri yenyewe ni ndogo. Hujui itakuja ipi, basi usijenge ya Harusi ukafilisika siku ya Matanga, wala usijenge ya Matanga ukaaibika siku ya Harusi. Tafuta kitu ambacho hutakijutia katika zote tatu. Kwa Likoni tuliona hivi: tununue kiwanja kikubwa Shika Adabu wakati ardhi bado inapatikana, tujenge kituo chenye transfoma moja inayotosha Jumanne, na kando yake tumwage jukwaa la zege la kuwekea kitu cha pili, transfoma au chochote, kisha tuliache tupu. Likija la kuja, mahali papo.

Kituo kikajengwa. Siku transfoma ilipovushwa kwa feri, abiria wote walishushwa wapishe, na mhubiri mmoja aliyekuwa akihubiri humo kila asubuhi alikataa kushuka akisema hajamaliza. Wakamvusha naye. Ndiye mtu pekee aliyeizindua rasmi.

Stima ya Mtongwe ikapata nguvu. Barafu ya shangazi ikawa jiwe. Nilikwenda kumtembelea, akanipa donge mkononi, akanitazama likinichoma kwa baridi, akacheka hadi akajifuta macho na kanga. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Lakini lile jukwaa tupu halikunipa raha. Zege refu, pana, limelala peke yake katikati ya ua wa kituo. Mafundi wakaliita kaburi la Mwanamisi. Kalume, mlinzi wa pale, alilitumia kuanikia mihogo yake, na mihogo ikikauka anabisha hodi ofisini kuniletea makopa, akisema ni sadaka ya marehemu. Kila mkaguzi aliyefika aliuliza nani kazikwa. Miaka ikapita, na bado hakuzikwa mtu. Wakati huo Likoni ilikuwa inajaa, nyumba za kupanga zinapanda, bodaboda zinachomekwa, na jioni transfoma yetu ilianza kuhema. Nikaomba ya pili iletwe. Makao makuu wakasema Harusi haijathibitishwa.

Jumamosi moja nikapita Mtongwe. Shangazi hakunipa donge. Alinipa kikombe.

"Uji umerudi," akasema.

Wiki hazikupita nyingi, ikaja habari mbaya zaidi. Makao makuu walikuwa wanatafuta mali isiyotumika, na katika mali isiyotumika ya mkoa mzima, ya kwanza ilikuwa kaburi langu. Nusu ya kiwanja iuzwe. Mtu mwenye kuosha magari alikuwa tayari kuinunua. Angekuja mhasibu kukagua, na neno lake ndilo la mwisho.

Mwajua maana yake? Kiwanja cha Shika Adabu kikishauzwa, hakirudi. Pande zote palishajengwa. Kitu cha pili kisingekuwa na pa kukaa tena maisha yetu yote, na shangazi angeuza uji mpaka mashine imfie. Nilikosa usingizi, na mimi si mtu wa kukosa usingizi.

Mhasibu akaja, Bwana Gitonga, mtu safi, mnyamavu, amefunga shingo kwa tai kwenye jua la Shika Adabu. Mutua na mimi tulimtembeza. Alilizunguka jukwaa. Akaokota kipande cha muhogo.

"Hiki ndicho kimekaa hapa miaka yote?"

"Na mihogo mingine," Kalume akajibu kwa heshima.

Nilizungumza Harusi, nikazungumza Jumanne, nikazungumza bodaboda. Bwana Gitonga alikuwa ananisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye tai. Mwisho akauliza kama kuna mahali pa kupata kinywaji baridi. Mutua akanitazama, nami nikamtazama. Tukampeleka Mtongwe.

"Hodi!"

"Karibuni."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea wageni au umeniletea stima?"

Nikamwambia ni mgeni kutoka makao makuu na ana kiu. Shangazi akamimina juisi ya ukwaju, akachota uji wa barafu kwa upawa, akautia. Ukayeyuka kabla glasi haijamfikia mtu. Bwana Gitonga akanywa. Alikuwa mtu wa adabu.

"Nzuri sana, mama. Lakini..."

"Lakini vuguvugu," shangazi akamalizia. "Ukwaju ni wangu. Vuguvugu ni lenu."

Mutua akaanza kukohoa. Bwana Gitonga, kwa kutafuta pa kuangalia, akasema angependa kuiona hiyo mashine. Tukaingia chumba cha nyuma. Mwanga ulikuwa hafifu, balbu inapepesa, na alipogeuka apishe mlango muundi wake ukagonga kitu kigumu. Akaruka kwa mguu mmoja.

"Hiki nini tena?"

Shangazi akaondoa ndoo na mkeka. Chini yake palikuwa na kijukwaa cha saruji, kimesawazishwa vizuri, na juu yake waya mnene umetoka ukutani, ncha yake imefungwa kwa utepe mweusi wa gundi.

"Hapo ni pa mashine ya pili," akasema. "Mwanamisi alipoanza kazi aliniambia niache nafasi, nitaihitaji. Nikaacha. Majirani wananicheka, wanasema nimejijengea kaburi ndani ya nyumba. Mimi nawaambia mwana wa kaka yangu ni mpangaji, anajua."

Vijana, mimi nilikuwa nikiingia chumba kile miaka yote. Nilikuwa nikiziona zile ndoo. Sikuwahi kuuliza zimekaa juu ya nini. Machozi yalinijia hapohapo mbele ya mhasibu, na sikuyaficha. Maneno niliyoyasema nikitafuna mahamri, mtu alikuwa ameyamwagia saruji.

Mutua aliinama, akaushika ule waya kwa vidole viwili. "Umeshapita," akasema, kana kwamba anasoma hukumu.

Bwana Gitonga alikuwa akijisugua muundi. Akanigeukia. "Bi Mwanamisi, nijibu kwa ukweli. Hiyo nafasi yenu ya Shika Adabu itatumika kweli?"

Nilikuwa na takwimu zangu zote kichwani, na hakuna hata moja iliyotoka. Kilichotoka ni kile nilichozaliwa nacho.

"Inshallah," nikasema.

Injinia Mutua, mtu wa Machakos, aliyeniambia miaka mingi nyuma kwamba miguu haiandikiki kwenye ripoti, akasema polepole, "Bwana Gitonga, tafadhali zingatia kwamba amesimama."

Mhasibu hakuelewa kitu. Lakini aliangalia kijukwaa, akaangalia waya, akaangalia glasi yake ya vuguvugu, akaondoka akichechemea. Kiwanja hakikuuzwa. Mwenye kuosha magari alitafuta pengine, na Kalume akapata misimu mingine ya mihogo.

Sasa mtataka kusikia kwamba transfoma yangu ya pili ilikuja. Haikuja. Nilistaafu kaburi likiwa tupu. Kilichokuja, baadaye, kikizungushwa kwa barabara mpya ya Dongo Kundu, ni makontena meupe yaliyojaa betri, vitu ambavyo nilipokuwa nikishika rula havikuwako hata kwenye ndoto za Harusi. Mchana jua likiwaka juu ya mapaa ya watu, makontena yanashiba stima, jioni yanaitema. Yalikaa juu ya lile zege kana kwamba yamepimiwa. Kalume aliomba mihogo yake mahali pengine. Mutua alinipigia simu kutoka Chaani akicheka. "Mwanamisi, hatimaye amezikwa, na wala hatukumjua!"

Hilo ndilo ninalotaka mlichukue. Hamtajua kitakachokuja. Msijisumbue sana kujua. Sumbukeni kukiachia mahali, na mlinde mahali hapo wakati watu wanapacheka.

Siku betri zilipowashwa sikwenda Shika Adabu kwenye hotuba. Nilikwenda Mtongwe. Shangazi Mejumaa ni mzee sasa, miguu imemvimba, hatoki tena. Nilimkuta chumba cha nyuma ameketi juu ya kijukwaa chake, ndoo zimesogezwa, mgongo ameuegemeza ukutani. Ilikuwa jioni, mtaa mzima umewasha, na balbu juu yake haikupepesa hata kidogo. Mashine ile kuukuu ilikuwa inagonga, inagandisha.

Nikakaa karibu naye. Nikamwambia, "Shangazi, stima imekuja. Sasa ile mashine ya pili?"

Hakunitazama. Alikuwa akitazama kuku mlangoni.

"Inshallah," akasema, akairefusha.

Moyo ulinianguka. Niliijua ile. Niliwafundisha wengine kuijua. Nikafikiri, nimechelewa. Nimemletea stima mtu aliyekwishachoka. Nikawa natafuta maneno ya kumwambia kwamba si kitu, kwamba moja inatosha.

Nje gari la mizigo likapiga honi, na sauti za vijana zikasikika zikiuliza nyumba ya bibi wa barafu.

"Mwanamisi."

"Abee, shangazi."

"Usikae ukinitumbulia macho. Nipe mkono niinuke, nimekalia mahali pake."